Kamba ya Uani

Kaka yangu simpendi, na sitajitia kumpenda eti kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, alitajirika kwa kuuza redio kaseti, akahamia Kinondoni, akatuacha Temeke mimi na mama, ambaye macho yake yalikuwa yameshapofuka.

Mama hakutaka kushikwa mkono. Choo kilikuwa uani, maji ya udhu yalikuwa uani, na huko alitaka kwenda mwenyewe. Basi nikafunga kamba ya katani kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye pipa la maji, kisha hadi chooni, usawa wa kiuno chake. Siku ya kwanza alijikwaa akanitukana. Haukupita muda, akawa anakwenda na kurudi huku akiwagombeza wapangaji walioacha ndoo njiani.

Siku moja kaka akaja na pikapu yake. Hata shikamoo hajampa mama, akaiona kamba.

"Umemfunga mama kama mbuzi? Watu watanionaje mie?"

Akachukua kisu jikoni, akaikata. Akashusha ndoo mpya ya plastiki yenye mfuniko, akaisukuma chini ya kitanda cha mama. "Hapa hapa, mama, usihangaike," akasema, akaondoka zake. Nilitamani ile ndoo nimvishe kichwani.

Mama aliapa hatajisaidia katika chumba anachoswalia. Na kwa kuwa hakutaka kupelekwa chooni kila mara, akaacha chai, kisha akapunguza na maji. Midomo ikampasuka. Nilipoleta kamba nyingine akanikatalia.

"Aliyeikata ndiye aifunge."

Nikamfuata kaka dukani, nikamtolea maneno mbele ya wateja wake. Akaja amenuna. Akafunga kamba ya nailoni, vifundo vya nguvu, akajipangusa mikono kama fundi anayesubiri sifa.

Mama akatoka mlangoni, akapapasa kiunoni. Hamna. Akapapasa kifuani. Hamna. Mgongo wake ulikuwa umeshapinda. Ilibidi anyooshe mkono juu ya kichwa ndipo akaigusa. Kaka alikuwa ameipima kwa kifua chake mwenyewe.

"Nani kaifunga hii?" mama akauliza, na alijua.

Kaka akaacha kujipangusa mikono.

"Aliyeifunga hii ana macho mazima," mama akasema, "na hajanitazama miaka. Mwanangu, njoo uishushe."

Alikuwa ananiita mimi. Nikaishusha, na kaka nikamwacha amesimama palepale juani.