Mto wa Mama Pindo

Mtaa mzima ulisoma hali ya uchumi kwapani mwa Mama Pindo. Kiwanda cha sare kilikuwa na viti vya mbao, vigumu kama roho ya msimamizi, kwa hiyo kila fundi cherehani alikwenda na mto wake wa kukalia. Biashara ikichangamka, Mama Pindo alionekana asubuhi akipandisha barabara na mto wa maua kwapani. Ikidorora, mto ulirudi, naye alitangaza: "Mimi nimestaafu!" Alishastaafu mara nne, na hamsini hajafika.

Safari hii alistaafu vibaya. Siku tatu mfululizo alikwenda getini, siku tatu akarudishwa. Wifi yake wa nyumba ya pili, fundi mwenzake ambaye tangu apunguzwe miaka miwili nyuma kazi yake ni dirishani, akapaza sauti: "Wifi! Mbona mto umerudi haujapata hata joto?" Watu wakaangua kicheko. Mama Pindo alicheka nao, akaingia ndani, akalia. Mto akampa paka. Kazi aliitaka, jamani, aliitaka sana. Asichotaka ni kuonekana anaitaka halafu akanyimwa.

Miezi mitano baadaye akabisha hodi karani wa takwimu, anayepita nyumba kwa nyumba.

"Mama, una kazi?"

"Sina."

"Wiki nne hizi umetafuta?"

"Nitafute nini, mwanangu, na hawaajiri?"

Karani akatia alama. "Basi wewe huhesabiwi na wasio na kazi."

"Eti?"

"Asiyetafuta hayumo. Tunakuweka na wastaafu."

Lo! Mwenyewe alijistaafisha kwa kelele, lakini kuambiwa na serikali kulimchoma.

"Yaani sina kazi, na hata kwenye kukosa kazi sina nafasi?"

"Mko wengi, mama. Biashara zikiharibika watu hukata tamaa, wakatoka kwenye hesabu. La mwisho: ukipata kazi, utaanza lini?"

Mama Pindo alimwinua paka, akaukung'uta mto manyoya, akatoka.

Dirisha likafunguka. "Wifi! Wameanza kuajiri?"

"Bado."

"Sasa mto wa nini?"

"Natafuta kazi!" alijibu, sauti ikafika kona ya pili. "Na nikirudi nao leo, kesho utaniona tena. Cheka sasa!"

Wifi hakucheka. Alitoweka dirishani, na ndani kukasikika makabati yakifunguliwa na kufungwa.

"Wifi, ningoje," akasema kwa sauti ndogo. "Wangu sijui niliuweka wapi."