Wapangaji Tuliowakuta Ndani

Baba aliinunua ile nyumba ya Kibiti kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anakimbilia Dar es Salaam kwa kuogopa vita vya maji dhidi ya Mdachi. Ilikuwa na watu ndani: mume na mke, Wamatumbi kutoka vilimani, wamepanga chumba cha uani. Sisi Wandengereko ni watani wao.

Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka shule ya serikali. Vijana wenzangu waliniona najidai kwa kusoma, na kuongea na watu kwangu ni kazi ngumu. Aliyenisemesha ni yule mama mpangaji tu. "Mume wangu, umeamka mwenyewe au umeamshwa na njaa yenu ya Kindengereko?" Nilikuwa naona haya, nikiinamisha kichwa. Lakini nilikuwa nachelewa kutoka makusudi, ili anikute.

Kisha akida akatangaza: atakayekutwa na watu wa vilimani, vita vilikoanzia, nyumba yake itachomwa. Baba akapoteza hamu ya kula. Kuwaweka ni hatari. Kuwatoa, waende wapi, na kwao askari wa Mdachi wamekwishachoma vijiji?

Asubuhi moja akasimama uani. "Nyie Wamatumbi, nataka nyumba yangu. Tokeni!"

Yule mume akacheka hata ukili aliokuwa anasuka ukamponyoka. "Nyumba yako? Wenyewe ni panya. Wewe mpangaji mwenzetu!"

"Tena utulipe," mkewe akadakia, "kwa kuivumilia hiyo sura!"

Baba naye akacheka, akarudi ndani. Nilifurahi. Alijaribu tena kesho yake, wakamtukana vizuri zaidi, na mimi nikaomba Mungu asipate maneno mengine.

Akayapata. Ijumaa, baada ya swala, alikaa nao mkekani na kanzu yake, akasema taratibu, "Ndugu zangu, naomba mnisamehe."

Yule mume akamtazama mkewe. "Leo hutanii."

"Leo sitanii."

Wakafunga mizigo bila ubishi. Baba aliwapa mchele, akawasindikiza mpaka kwenye mtumbwi, waende Mbwera kwa shemeji yake Baba, visiwani, ambako akida hafiki. Mimi sikwenda. Nilisema naumwa tumbo.

Baba akaniambia nihamie chumba chao, nipate mahali pa kusomea. Nikahamia. Askari walipokuja, walisukuma mlango, wakanikuta peke yangu kitandani, wakauliza kama kuna mwingine. Nikasema hakuna.