Ndege Niliyomletea Mwalimu Kimaro Kutoka Kariakoo

Ndugu zangu wa Marangu, mmekuwa mkiniuliza mbona nilikwenda Dar es Salaam siku tatu nikarudi na kijindege kimoja tu. Naomba niwasimulie mwenyewe, maana nusu ya yanayosemwa sokoni yameongezwa chumvi.

Mnamjua Mwalimu Kimaro, mkuu wetu wa shule. Alinifundisha fizikia nikiwa kidato cha tatu, na hadi wiki aliyostaafu nilikuwa nafundisha somo hilohilo chini yake. Kila mwaka alikuwa na kipindi kimoja ambacho hata waliofukuzwa kwa kukosa ada walikirudia kupitia dirishani: kipindi cha ndege za abiria zilizokwenda kasi kuliko sauti. Aliichora Konkodi ubaoni, akaeleza jinsi ilivyoinamisha pua wakati wa kutua ili rubani aone njia, kisha akapiga ubao kwa kiganja. “Mmesikia? Basi yenyewe imeshapita!” Alipokaribia kustaafu, walimu tuliamua kumuaga kwa mfano wa Konkodi wa kuweka mezani. Ilipoulizwa nani aende kuutafuta, mkono wangu ndio uliokuwa wa kwanza juu. Sikutaka mtu mwingine amkabidhi.

Jumanne alfajiri nilipanda basi Moshi mjini. Korogwe tulishuka kula, na dereva akapiga honi nikiwa na paja la kuku mkononi. Hilo nililimalizia Segera. Jioni tulifika stendi ya Mbezi, na giza lilipoanza kuingia nilikuwa nimeshafika Mchafukoge, kwa binamu yangu Anna, ambaye ana duka la jumla la vyombo vya plastiki.

“Kesho utaona mawinga,” Anna aliniambia tukila. Hao ni watu wanaokudaka barabarani Kariakoo, wakakupeleka duka hadi duka na kupata chochote kwa kukuunganisha na muuzaji. “Sikiliza, mdogo wangu. Usiwatajie kitu kwa jina. Ukisema jina tu, wanajua umekifuata kutoka mbali, wanapandisha bei, utakoma. Jifanye unashangaashangaa. Eleza kinavyofanana, basi.”

Jumatano saa tatu asubuhi nilikuwa Mtaa wa Kongo, nikishangaashangaa kama nilivyofundishwa. Sikumaliza hatua kumi.

“Mambo sister! Unatafuta nini? Ipo!” Huyo alikuwa Rama, winga wa makamo mwenye kalamu sikioni.

“Poa. Sijui hata nasemaje. Kijindege cha mapambo. Ndege ya abiria, ya zamani, nyeupe, pua ndefu. Zile zilizokuwa zinaishinda sauti.”

“Ipo! Kaa hapa.” Akanikalisha kwenye stuli ya duka la mazulia, duka lisilomhusu, na mwenye duka wala hakushangaa. Kwanza alirudi na helikopta. Kisha akaleta ndege ya kivita. Nilikuwa karibu kulitaja lile jina alipotokea mara ya tatu, jasho linamtoka, kashika boksi lenye vumbi. Ndani yake kulikuwa na ndege ya chuma, nyeupe, pua ndefu, mabawa ya pembetatu. Nilifurahi hadi nikamkumbatia. Rama naye alifurahi, kwa sababu zake.

Alasiri, nikiwa kwenye ngazi za kwa Anna, nilikutana na jirani yake wa chini, Mzee Saidi, mtu wa Lindi aliyefanya kazi ya kutengeneza bodi za ndege hadi akastaafu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nione hicho.” Akaigeuza ndege, akaanza kucheka. “Umepata wapi hii ya Warusi?”

“Ya Warusi? Si Konkodi hiyo?”

“Konkodi haina masharubu.” Akanionyesha vibawa viwili vidogo nyuma ya chumba cha rubani. “Wanafanana kama mapacha, lakini huyu ndiye aliyetangulia kuruka, kwa miezi kama miwili tu. Halafu akachoka mapema. Abiria aliwabeba kwa muda mfupi. Ndani kelele tupu, wanasema watu waliandikiana vikaratasi. Mwenzake ndiye aliyedumu miaka na miaka, hadi naye gharama zikamshinda.”

Nilikaa palepale kwenye ngazi. Mwalimu Kimaro alikuwa ametufundisha kwamba Konkodi ndiyo iliyotangulia kuruka. Kumpelekea ndege hii kulikuwa ni kumwambia mbele ya shule nzima, siku yake ya mwisho, kwamba amekosea miaka yote.

Nilirudi mbio kwa Rama. “Sister, ulisema ya abiria, nyeupe, pua ndefu, inaishinda sauti. Nimekosea wapi?” Hakukosea popote. Tulizunguka naye hadi maduka yakaanza kufungwa, safari hii nikilitaja jina kwa sauti kubwa, na Konkodi haikuwepo.

Mzee Saidi alinisubiri mlangoni na koleo. “Tunayakata haya masharubu, tunapiga msasa na rangi. Nani atajua?”

Nilitamani, siwafichi. Nililishika lile koleo. Lakini nikiwa mwanafunzi niliwahi kubuni vipimo vya jaribio ambalo sikulifanya, na Mwalimu Kimaro akanipa sifuri na kuniambia, “Afadhali ungeniletea majibu mabaya lakini ya kweli.” Nikamrudishia mzee koleo lake.

Alhamisi, kutoka Mbezi hadi Moshi, sikulala hata kidogo. Nilisoma habari za ndege hizo kwenye simu hadi chaji ikaisha. Mzee Saidi alikuwa sahihi.

Ijumaa saa nane mchana ukumbi wa shule ulijaa, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani inanukia. Nilipoitwa, nilikwenda mbele nikamkabidhi boksi.

“Mwalimu, nilitumwa Konkodi. Hii siyo. Hii ni ya Warusi, na hii ndiyo iliyotangulia kuruka.”

Makamu wa mkuu alinikata jicho. Mwalimu Kimaro alivaa miwani, akaigeuzageuza ndege, akayagusa yale masharubu kwa kidole.

“Una hakika?”

“Nina hakika, Mwalimu. Nimehakiki.”

Mwalimu akaiangalia ile ndafu, na mpishi aliyekuwa amesimama na kisu.

“Subiri kidogo,” alimwambia. Akaomba chaki, akauendea ubao wa ukumbini, akaifuta ratiba ya sherehe yake yote. “Kidato cha tatu, toeni madaftari. Kuna jambo nimewafundisha vibaya.”

Wanafunzi wakatoa madaftari. Nami nikaomba karatasi kwa mwanafunzi mmoja, nikakaa mstari wa mbele, nikaandika.