Mgeni Asiye na Jezi

Mwanangu alivua jezi yake mbele ya watu wazima, akabaki na singilendi yenye tundu kwapani, akamvalisha mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfukuza kazi asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Na aliyesababisha yote hayo ni mimi, bibi kizee niliyeishia shule ya msingi. Kaeni vizuri.

Mwanangu ni fundi makochi. Karakana yake iko mbele ya nyumba, na ndani yake kuna televisheni kubwa kuliko akili za wanaoitazama.

Siku ya mechi ya ligi ya Uingereza kazi husimama. Mafundi huvaa jezi, majirani hujazana, kila mtu anakalia kochi la mteja, hata lile ambalo springi zimechungulia nje. Ukiona mtu karuka na goli halijaingia, ujue kachomwa.

Msimu huo timu wanayoishabikia huko ilisajili mshambuliaji kutoka nchi ya mbali. Mrefu, shingo hiyo! Wakambatiza Twiga.

Twiga akawa hafungi. Basi ikawa wimbo ni huo huo kutwa nzima: atalizoea soka la Uingereza, au halizoei?

Sasa, na nyumbani kwetu kulikuwa na usajili mpya.

Mjukuu wangu, binti wa huyo huyo fundi, aliolewa na kijana wa mbali. Hana maneno mengi, ana adabu, na ana masikio makubwa ambayo mimi binafsi niliyapenda. Kwao alikuwa akishona maturubai ya malori. Baba mkwe akamchukua karakanani amjaribu.

Kumjaribu? Alimkaanga!

"Nyundo hiyo, unaua nyoka?"

"Sindano hiyo, unachimba kisima?"

Tena mbele ya wateja. Kijana anajibu tu, "Sawa, baba."

Asubuhi ya siku moja ya mechi akakata kitambaa cha mahameli cha mteja. Mahameli ina manyoya, na manyoya yana upande wake wa kulala. Ukikata kinyume, mto mmoja unaonekana mweusi kuliko wenzake, kama mtoto aliyenuna kwenye picha ya familia.

Yeye akakata kinyume. Turubai halina mambo hayo.

"Kesho rudi kwenu," mwanangu akamwambia. "Hapa si chuo."

Nilimkuta mjukuu wangu chumbani anakunja nguo.

"Mke mwenza, safari ya wapi?"

"Anakokwenda mume wangu, bibi."

Nikakaa kitandani. Huyu ndiye anayenisuka, ndiye anayenicheka nikikoroma, na tumboni ana kitukuu changu. Wakiondoka hawa, nabaki na mwanangu na televisheni yake.

"Umeongea na baba yako?"

"Nimeongea mpaka mate yamekauka. Anasema mtu wa mbali hazoei kazi ya watu."

"Acha kukunja," nikamwambia. "Ngoja kwanza nikaangalie mpira."

Akanitazama kama niliyeanza kuokota makopo.

Nikaingia karakanani na fimbo yangu, nikawainua vijana wawili kutoka kwenye kochi zima kuliko yote, nikakaa mimi. Wote wako ndani ya jezi. Mkwe peke yake kajibana pembeni, anaokota pamba sakafuni, na shati lake lile lile la kushonea maturubai.

Kinyozi wa jirani, mdomo wake mkali kuliko wembe wake, alishaanza.

"Tumepigwa! Twiga ni garasa! Auzwe, na atakayemnunua apewe na nyongeza!"

"Mimi namwona anajituma," nikasema.

Wote wakageuka.

"Anakimbia uwanja mzima. Hapokonywi mpira hata mara moja. Na wenzake wakigombana, wote wanamkimbilia yeye."

"Bibi, hapokonywi kwa sababu hapewi!" Kinyozi akapiga goti kwa kicheko.

Mwanangu hakucheka. Mtu akimgusa Twiga, kamgusa mboni ya jicho.

"Kinyozi, acha ushamba! Mtu katoka kwenye jua kali, kaangukia mvua na upepo. Kwao alizoea mpira wa chini, huku unarushwa juu na beki anakuja na kiwiko. Hata anachoambiwa na kocha mpaka atafsiriwe. Halafu wewe unataka magoli leo leo? Mpeni muda!"

"Muda gani, mwanangu?" nikauliza kwa upole.

"Msimu mzima, mama!"

"Na akikosea?"

"Kocha amweke pembeni amwonyeshe taratibu. Kocha anayemfokea mgeni mbele ya watu si kocha, ni mpiga debe!"

"Rudia, baba. Sikio langu hili la kushoto linachagua."

Akarudia, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mjukuu wangu akatokea mlangoni.

"Kinyozi, umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Wewe ni shahidi." Nikanyoosha fimbo hadi pembeni kwenye pamba. "Haya, na huyu aliyetoka kwenye maturubai, kakutana na mahameli juzi juzi tu. Msimu wake umeisha lini?"

Mwanangu akashika rimoti, akaongeza sauti ya mtangazaji.

"Kocha, jibu swali la mwandishi wa habari," kinyozi akasema.

Hapo alikosea. Nilimwona mwanangu anavimba shingo. Namjua, nimemzaa. Akishavimba hivyo, hata ukimwonyesha jua atakwambia ni taa.

"Mama, umekuja kunidhalilisha mbele ya watu?"

Nimeshinda, na sasa nashindwa. Mjukuu kashika fremu ya mlango, kijana hata kichwa hajainua.

"Nani akudhalilishe?" nikasema. "Mimi nimekuja kumtazama Twiga wangu. Huyo hapo! Ona anavyokimbia!"

Mwanangu akatazama televisheni. Akanitazama mimi. Akaitazama tena.

"Mama... huyo mwenye filimbi?"

"Kwani ana filimbi?"

"Mama, huyo ni refa! Twiga yuko benchi!"

"Refa?" Nikaweka mkono kifuani. "Mimi nilidhani ndiye mgeni. Si kavaa nguo za peke yake? Nikasema maskini, mtoto wa watu kaja juzi, jezi yake bado inashonwa."

Jamani! Kinyozi alijitupa nyuma kwa kicheko, akakutana na springi, akaruka juu kama kafunga goli. Mwanangu alicheka mpaka akafuta macho kwa kipande cha mahameli.

Halafu macho yale aliyokuwa anayafuta yakaenda pembeni, kwenye pamba. Kwa mgeni aliyevaa nguo za peke yake.

Kicheko kikamwisha chenyewe.

Akasimama. Akavua jezi.

"Vaa," akasema.

"Baba, mimi kesho..."

"Kesho nakuonyesha mahameli inalala upande gani. Vaa, mpira unaendelea."

Jezi ilimfika magotini. Mjukuu wangu alilia na kucheka kwa mpigo, akasahau kuwa nguo zake zimejaa begi.

Kipindi cha pili Twiga akaingizwa. Akapata mpira, akabaki na kipa, akagonga mwamba.

"Garasa!" kinyozi akapiga kelele.

"MPENI MUDA!"

Tuligeuka wote kutafuta sauti ile imetoka wapi. Alikuwa mkwe wetu. Tangu aje, ndiyo siku tuliyojua kuwa ana mapafu.

Ule mto uliokatwa kinyume ninaukalia mimi, hata sasa niko juu yake. Kitukuu changu ana masikio kama ya baba yake. Twiga bado anagonga miamba.

Sasa niwanong'oneze jambo moja, na mwanangu msimwambie.

Refa namjua. Nilipokuwa shule ya msingi nilicheza mpira wa pete, na mmoja alipotukatalia goli la halali nilimkimbiza na kiatu mpaka kwao. Nimsahau refa, mimi?

Lakini mtoto wangu alikuwa ameshindwa mbele ya watu, na mtu wa hivyo hageuki, hata kama anajua amekosea. Anatafuta pa kutokea. Basi ukimbana mtu kwa haki, mwachie na kitu cha kucheka ili apitie hapo. Na kama cha kuchekwa ni wewe mwenyewe, shida iko wapi? Mimi walinicheka jioni moja tu, na mjukuu wangu ananisuka mpaka leo.