Digrii ya Ukutani

Mikdad wa Mkange alikuwa muuza simu. Bunduki aliiona kwenye sinema tu. Akanunua digrii ya wanyamapori mtandaoni, akaijaza kwenye maombi ya kazi, na kambi moja ya watalii ikampokea kama mtaalamu. Nyati alipovamia mashamba, wakamkabidhi bunduki. Kusema hajui kungemfukuzisha kazi, basi akaenda, mdogo wake Kombo akimfuata kifua mbele: kaka ni msomi.

Nyati akachomoka kichakani. Mikdad akavuta kifyatulio, akavuta tena, bunduki haikulia. Hakujua hata kwamba bunduki ina loki ya usalama. Pembe ilimpasua Kombo tumbo, kwato zikamsaga mbavu.

Msibani, mama yao, Hajra, aliing'oa ile digrii ukutani na fremu yake ya kioo, akampiga nayo Mikdad usoni mpaka kioo kikapasuka, damu ikamtiririka kidevuni.

"Kombo ndiye aliyeitundika," mama alisema.