Sina Kitu

Nakumbuka siku moja ya msimu wa karafuu, mwanangu, shoga yangu aliniuliza swali dogo nami nikamjibu kwa maneno mawili. Maneno mawili tu, wala sikuyasema kwa ukali. Nimeishi nayo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka leo zimekuwa nyeupe, na kila nikiyasikia kinywani mwa mwanamke mwingine huhisi kama mtu kanikanyaga kidonda.

Leo asubuhi nimeyasikia kwako. Ulikuwa umekaa hapo barazani, simu umeiweka sauti ya juu kama kawaida yenu, mwenzio anakuuliza kama na wewe huona kizunguzungu ukiinuka kitandani. Ukamwambia, "Mie sina kitu, yakhe, nna malaria tu." Usinune. Mke wa mjukuu wangu ni mwanangu, na masikio yangu bado mazima. Mimba yako naijua tangu ulipoanza kuikimbia harufu ya dagaa jikoni. Sitaitangaza. Lakini uache huo muhogo, utamenywa baadaye, ukae hapa nikuhadithie habari ya Mize. Si Mize binti yangu, mavyaa wako aliyemzaa mumeo. Ni yule ambaye huyo alirithi jina lake.

Mize tulikuwa majirani huku huku Ole. Tuliolewa msimu mmoja, yeye wiki mbili mbele yangu, na hakuacha kunikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa. Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, baba mkwe wangu kapewa eka tatu zenye mikarafuu, na kila msimu ukifika nyumba nzima tulihamia shambani tukapiga dago. Tulilala kwenye vibanda vya makuti mpaka karafuu zishe. Wanaume walipanda juu kuchuma, sisi wanawake tulikaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Kazi ya kuchambua hufanywa kwa vidole, mdomo unabaki bure, ndiyo maana hapana siri iliyopata kuvuka msimu mzima dagoni.

Alikuwa mwembamba, mcheshi, na hapana mtu ambaye yeye hakumbandika jina la utani. Mimi aliniita Bi Pole kwa sababu pishi langu lilikuwa la mwisho kujaa siku zote. Nilinuna mwanzo, baadaye nikalipenda jina hilo. Sasa hapana aliyebaki wa kuniita.

Mize alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya kwanza watu walimpa pole. Ya pili wakaanza kunong'ona, si unawajua watu. Wanawake waliojifungua wakimuona anakuja huvuta kanga wakamfunika mtoto uso, eti jicho lake lisimguse. Alikuwa anaona. Alikuwa akipita anacheka, anasalimia, kama haoni. Mama yake mzazi alikuwa mkunga, tena mkunga wa kutajika, lakini yuko Micheweni kule kaskazini, na kutoka huku mpaka kule kwa usafiri wa siku zile ilikuwa safari ya kujiandaa.

Mwaka huo nami nikashika mimba yangu ya kwanza. Mavyaa wangu aligundua kabla yangu. Aliniita pembeni akanambia mimba changa haisemwi, na kwamba nikiulizwa niseme nna malaria. Halafu akaongeza: "Na Mize usimwambie hata tumbo likijisema lenyewe. Jicho lilokosa mara mbili lina njaa."

Usimchukie mavyaa wangu, Mungu amrehemu. Mwanamke yule alizika watoto watatu, na hofu yake ilikuwa na makaburi yake. Lakini nisijifiche nyuma yake. Mimi mwenyewe niliogopa. Nilimpenda Mize na nilimuogopa, vyote pamoja, na sikuona ajabu.

Sasa karafuu mbichi na mimba changa haviwezi kukaa jamvi moja. Ile harufu ilinipanda kichwani, nikawa kila saa naamka kwenda kutapika nyuma ya kibanda, nikirudi nasema malaria. Siku ya pili Mize bila ya kusema neno akanihamisha. Akanikalisha upande unakotoka upepo, rundo langu akalivutia kwake akanichambulia zaidi ya nusu. Nikamwambia ahsante. Nikadhani ni wema wake wa kawaida, wala sikujiuliza.

Haikupita wiki, baada ya sala ya alasiri, wenzetu wakaenda kuteka maji tukabaki sisi wawili. Naona Mize anachambua kwa mkono mmoja, wa pili kaubana chini ya tumbo, upande. Akasema bila ya kunitazama:

"Yakhe Bi Pole, nikuulize. Nimekosa siku, huu mwezi wa pili. Sijamwambia mtu. Lakini tumbo laniuma, upande huu mmoja, na jana hata bega laniuma. Zile mbili za mwanzo sikuumwa vino, namna hii. Weye waumwa vino?"

Vidole vyangu vilisimama, mwanangu. Sikusikia maumivu yake. Nilisikia neno "weye" tu. Nikasema moyoni, huyu ananitega, anataka kujua. Sauti ya mavyaa wangu ikanijaa kichwani.

Nikamwambia, "Mie sina kitu, Mize. Nna malaria tu. Hayo ntayajuaje?"

Na huku nasema, mkono wangu ukaenda wenyewe ukavuta kanga ukafunika tumbo. Kama wale wengine. Mize aliutazama ule mkono. Halafu akarudi kwenye karafuu zake.

"Haya," akasema. "Basi nisikusumbue."

Jibu la kweli nilikuwa nalo. Mimi nilikuwa na kichefuchefu, na usingizi usioisha, na kulia bila ya sababu. Maumivu ya upande mmoja sikuwa nayo hata siku moja. Ningalimwambia, "Ninayo, mwenzangu, na wala siumwi hivyo," angalijua kwamba lake si la kawaida. Kwani mwanamke wa mimba changa atajuaje lipi la kawaida na lipi la hatari, kama hakuuliza mwenziwe? Alitaka kupima maumivu yake kwa mimba ya mtu mwingine. Mimba ya karibu ilikuwa yangu, nami nikaifunika kanga.

Siku ya tatu tulikuwa tunaanika. Mize aliinama kutandaza karafuu juu ya jamvi, akainuka, akaanguka. Hakupiga kelele. Tulipomgeuza midomo yake ilikuwa myeupe na jasho lake baridi. Wanaume walimpakia kitandani wakamchukua mpaka njiani, wakamtia kwenye gari ya ng'ombe, wakitaraji kukutana na lori la magunia ya karafuu liwafikishe hospitali. Mimi nikifuata ubavuni, nimemshika vidole. Jua lilikuwa kali. Akafumbua macho akaniona.

"Rudi, Bi Pole," akasema. "Jua si zuri kwako weye."

Hilo ndilo la mwisho alilonambia. Nilirudi. Nilirudi kwa sababu aliniambia nirudi. Lori walilipata, lakini hospitali hakuiwahi. Daktari alisema mimba ilikaa nje ya mji wa mimba, ikakua pahala pasipo nafasi, ikapasuka, damu ikamwagikia ndani. Tulimzika siku ile ile.

Mama yake alifika kutoka Micheweni siku ya pili ya matanga. Mwanamke mfupi, mkimya, mikono mikubwa. Alikaa na watu, akaitikia dua, hakulia mbele ya mtu. Siku ya hitima aliniita nyuma ya nyumba. Akafungua pindo la kanga yake akatoa kifundo cha kitambaa, ndani mna tangawizi kavu.

Alinambia kwamba kiasi cha siku kumi nyuma Mize alimtumia salamu kwa mtu wa gari. Salamu yenyewe ilikuwa hivi: shoga yangu ana mimba na hataki kusema, namuachia, lakini kichefuchefu kinamuua, mama nitafutie tangawizi nzuri nimpe. Ya kwake mwenyewe hakuyagusia. Yule bibi alisema mwanawe alikuwa akimficha mambo yake tangu zile mimba mbili, kwa kuwa kila mara mama alilia zaidi ya binti.

Nikakaa chini kwenye mchanga. Alijua. Alijua tangu siku aliyonihamisha upande wa upepo. Alijua aliponiuliza, na ndiyo maana aliniuliza mimi. Alijua nilipomjibu. Na pale kwenye gari ya ng'ombe, damu inammwagikia ndani, alikuwa akiiogopea jua mimba yangu.

Nikamueleza mama yake yote. Swali, jibu, na kanga. Sijui kwa nini nilimueleza, labda nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliniuliza tu Mize alisema linamuuma upande gani, na bega je, nikamjibu. Akafumba macho. Mkunga yule angalijua kwa neno moja, na mimi nilikuwa na siku tatu za kulifikisha.

Kisha akasema, "Mwanangu, hukuulizwa siri. Siri alikuwa nayo. Uliulizwa njia."

Akaishika mikono yangu, akaitia ile tangawizi, akanikunja vidole juu yake.

"Watu husema mficha uchi hazai," akasema. "Weye umeficha, na utazaa. Alofunua ndiye tulomzika."

Akaondoka kurudi kwenye matanga. Sikumuona tena. Nilipojifungua mtoto wa kike nikamwita Mize, nilipeleka habari Micheweni, akanirudishia salamu: Mungu amkuze. Kuja hakuja. Sikutegemea aje.

Watu walinifariji, mwanangu, si haba. Walisema ajali haina kinga na kila mtu ana siku yake. Naamini hivyo, mimi ni Muislamu. Pengine ningalisema kweli na bado tungalimzika. Lakini Mungu huyo huyo alinifanya mimi niwe sababu, akaniwekea jibu mdomoni, nikalimeza. Ajali ni yake. Kumeza kulikuwa kwangu. Majuto ni mjukuu, husema watu, na mimi nimeshakuwa na vitukuu na bado ninayo.

Wazee wetu wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu likavunjika la mwenzangu. Kwa hiyo nami sasa ni mkuu, nisikilize, halafu upime kwa akili yako.

Sikwambii uende na mimba yako sokoni. Mila ya kuistahi mimba changa si mbaya, na mpumbavu anayeuliza ili apate la kusimulia mwambie malaria, hata mimi nitakushuhudia. Lakini mwanamke mwenye mimba akikuuliza habari ya mwili wake, huyo si mpumbavu. Huyo anatafuta njia gizani na wewe una taa. Mpe kweli. Kama unalo, mwambie unalo. Kama huna, mwambie huna, na umwambie mwende kituo cha afya mkaulize wanaojua. Na wewe mwenyewe, tumbo likikuuma upande mmoja, ukiona damu, ukizimia, bega likikuuma bila ya kubeba kitu, usingoje kesho wala usingoje mume. Niamshe mimi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio kile nilikisikia mara moja, sitaki kukisikia tena katika nyumba hii.

La mwisho ndilo zito. Ukimuona mwanamke aliyepoteza mimba, usivute kanga. Usimfunike mtoto, usijifunike tumbo. Macho yale ya Mize, mwanangu, tuliyokuwa tukiyakimbia, ndiyo pekee yaliyoniona mimi nikiumwa yakanitafutia dawa.

Huyu mwenzio wa leo asubuhi, nimesikia kwamba mwaka jana ilimtoka moja. Ndiyo sababu ukamficha, usiniambie siyo. Huenda kizunguzungu chake ni cha kawaida tu. Huenda anachotaka kujua ni kama yuko peke yake. Simu hiyo hapo juu ya mkeka. Mpigie nikisikia, muhogo nitaumenya mimi.

Mungu akuvushe salama, mwanangu, wewe na kilicho tumboni mwako. Amvushe na yeye na cha kwake. Akupe ulimi usioogopa kusema kweli kwa mwenye dhiki, na akujaalie shoga wa kukuvutia rundo upande wake siku utakapochoka. Na Mize, Mola amlaze pahala pema, amwambie kwamba Bi Pole amechelewa, kama kawaida yake, lakini amejibu.