Rimoti ya Kidole Gumba

Saa nne asubuhi, jua limeshaingia sebuleni hadi kwenye miguu ya kochi, na fundi bado hajafungua mkoba wake. Amepiga magoti kando ya kiti cha magurudumu, shavu lake nusura liguse bega la mzee aliyekaa humo. Jicho moja amelifumba. Kwa jicho la pili anafuata mahali kinapoelekea kidole gumba cha mzee, kilicholala juu ya kiegemeo cha kiti, mpaka anafika kwenye ukuta mtupu, mbali kidogo na televisheni.

"Hapo," anasema. "Baba anaelekea hapo. Basi na sisi tutamfuata hapohapo."

Binti wa mzee, aliyesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, anautazama ukuta, kisha anamtazama fundi. Ukutani hakuna kitu ila msumari uliobaki baada ya kalenda kuondolewa.

Mtaani mwanamke huyu fundi wanamwita Kimulimuli. Kazi yake ni kuzifundisha kompyuta za nyumbani kusikia rimoti: zile kompyuta ambazo watu wamezijaza filamu, nyimbo na picha za harusi, wakaziunganisha na televisheni, halafu wakachoka kuinuka kila mara kwenda kushika kipanya.

"Rimoti inamulika kama kimulimuli," anaeleza huku akitoa waya mkobani. "Ila mwanga wake jicho la binadamu haliuoni. Kompyuta ndiyo inayouona, ukiipa jicho lake."

Jicho lenyewe ni kitu kidogo cheusi, hakizidi punje ya hindi. Anakiunganisha na kompyuta iliyo kabatini, anapitisha waya nyuma ya kabati, anaupandisha na kukibandika kwa gundi karibu na ule msumari.

Mwanga huo alianza kuutafuta tangu utotoni. Jirani yao alikuwa na televisheni, na watoto wa mtaa mzima waliitazama kwa kuning'inia dirishani. Siku moja akamwona jirani akinyoosha kitu mkononi, na picha ikageuka. Hakuna waya. Hakuna aliyegusa.

"Wenzangu walikuwa wanatazama picha. Mimi nilikuwa natazama mkono wa yule baba," anasema na kucheka. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, jirani anaamuru vitu na vinatii. Mama akaniambia, kaoshe vyombo, navyo vitatii."

Rimoti ile ilipoharibika akaiomba, akaifungua. Ndani akakuta kishanga cha kioo kama jicho la dagaa. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa akitengeneza redio, akamwambia kwamba mwanga hutokea pale. Akajifungia na rimoti nzima ya kaka yake chini ya kitanda, gizani, akabonyeza mpaka kidole kikauma. Hakuona kitu. Akadhani kaka amemtania.

Miaka ilipita. Kaka akahama na ufundi wake, Kimulimuli mwenyewe akaolewa, akawa akifulia watu nguo. Siku alipopata simu yake ya kwanza yenye kamera, alikuwa akiwapiga picha wanawe, na mmoja wao akabonyeza rimoti kuelekea kwake. Kwenye kioo cha simu, kile kishanga kikawaka: nukta ya rangi ya zambarau, ikametameta, ikazimika.

"Niliketi chini," anasema. "Nilisema, kumbe ulikuwepo! Siku zote hizo ulikuwepo!"

Akamfuata kaka yake, akakaa chini kujifunza. Mwanzoni wateja walikuwa wa kuokoteza. "Kuna miezi nilishinda na bisibisi mkononi bila mtu wa kunigongea mlango. Mkono mtupu haulambwi. Nikarudi kwenye beseni la nguo, jioni nasoma, asubuhi nafua."

Mzee wa kwenye kiti aliendesha malori ya masafa marefu mpaka alipostaafu. Kiharusi kikamkuta mezani akinywa chai. Kilimwachia kidole gumba cha mkono wa kulia, na neno moja tu: "Haya." Ukimuuliza amelalaje, haya. Ukimuuliza anaumwa wapi, haya. Ukimwambia mvua inanyesha na jua linawaka, haya.

Kwa hiyo nyumba nzima ikawa inamchagulia. Shati, uji, saa ya kulala, cha kutazama. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, na lake halikuwepo.

"Mimi sibishi, dada," anasema mkwe wake, mtu mpole mwenye jezi ya mpira, akiwa amekaa kwenye kochi. "Lakini usije ukampa mke wangu matumaini ya bure. Mzee alishaondoka. Tunamtunza, tunampenda, ila yeye mwenyewe hayupo."

Anayasema mbele ya mzee. Binti anatazama sakafu. Fundi anaendelea na kazi.

Ameleta rimoti nzima ya televisheni iliyokwisha kufa, yenye vitufe vinene. Anabonyeza kitufe kimoja kimoja, na kompyuta inaandika alama ya kila kimoja. Kisha anaipa kila alama kazi yake: hiki kupanda, hiki kushuka, hiki kuchagua, hiki kusimamisha. Vitufe vingine vyote anavifunika kwa kipande cha plastiki ngumu. Vinabaki vinne. Anaifunga rimoti kwenye kiegemeo kwa mkanda laini na kuitelezesha kidogokidogo, hadi vyote vinne vifikiwe na kidole gumba bila mkono kuinuka.

"Shikamoo tena, baba," anamwambia. "Sasa ni yako. Jaribu."

Kwenye televisheni kuna orodha ya filamu ambazo mjukuu mmoja aliziweka. Kidole kinajikokota, kinakibonyeza kitufe cha kushuka. Orodha inaporomoka kama mawe ya mlimani, inapita majina yote, inagota chini kabisa.

Anajaribu kupanda. Orodha inaruka mpaka juu.

"Unaona?" mkwe anasema kwa upole. "Anabonyeza tu."

Kimulimuli anatoa simu yake, anaielekeza kamera kwenye rimoti na kumwomba mzee abonyeze tena. Kwenye kioo nukta ya zambarau inawaka. Inametameta, inaendelea kumetameta. Pembeni mwa kioo anakiona kidole: kinatetemeka, kinavutwa juu, kinakataa kutoka, kinavutwa tena. Halafu kinatoka.

"Anaachia!" anamwita binti, na sauti yake imebadilika. "Mama, njoo uone. Anataka kuachia, ila kidole kinachelewa. Yeye anabonyeza mara moja, kompyuta inahesabu ishirini. Kosa si la baba. Mashine ndiyo yenye haraka."

Anarudi kabatini. Anaiamuru kompyuta isirudie hesabu: kitufe kikishikwa, hata kikikaa chini kwa muda gani, kihesabiwe mara moja tu. Ni mabadiliko ya mstari mmoja. Anapiga magoti tena pale pale alipoanzia.

"Polepole, baba. Sasa inakungoja."

Kidole kinashuka. Orodha inateremka mstari mmoja, inasimama.

Kinashuka tena. Mstari mmoja. Mzee anapita filamu za ngumi, anapita vichekesho, anapita mechi za zamani ambazo mkwe amezihifadhi kwa uangalifu mkubwa. Anapita jina moja lenye picha ya lori, anaenda mbele mara mbili. Kisha anasimama.

Kidole kinahama. Kinatafuta kitufe cha kupanda. Anarudi nyuma, moja, na nyingine, mpaka kwenye lile lori.

Binti ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Mkwe ameshainuka kwenye kochi bila kujua kwamba ameinuka.

"Mtu anayebahatisha," Kimulimuli ananong'ona, "harudi nyuma."

Mzee anachagua. Televisheni inajaa weupe: mto mpana ulioganda barafu katika nchi ya baridi, na malori yakiuvuka polepole, moja nyuma ya jingine, barafu ikilia chini ya magurudumu. Mtu aliyemaliza maisha yake kwenye lami ya moto anayatazama hayo kwa macho ambayo familia yake haijayaona muda mrefu. Lori la mbele linapopunguza mwendo, kidole gumba chake kinasogea kidogo pembeni, kama kinachobadilisha gia.

Mkwe anakuja kuchuchumaa mbele ya kiti.

"Baba. Ile mipira ninayokuwekea kila siku… huipendi?"

"Haya!" anasema mzee, kwa nguvu ambayo inamshtua hata yeye mwenyewe.

Binti anacheka huku machozi yanamtoka. "Hajawahi kuupenda mpira! Tangu mimi mdogo! Nilidhani ugonjwa umembadilisha."

"Nisamehe, baba," mkwe anasema. Anamshika mkono wa kushoto, ule usiosikia kitu, na kuendelea kuushika. Lori la pili linaingia kwenye barafu.

Kimulimuli anakusanya vifaa vyake taratibu, asiwakatize. Mlangoni anageuka kuwatazama watatu wale, vichwa vyao vimeelekea upande mmoja.

"Kazi hii naijua, nikiilala naiota," anasema akiwa nje, akivaa viatu. "Na bado kila mara najiuliza: mwanga usioonekana unabebaje mapenzi ya mtu, kutoka kidoleni hadi ukutani? Kila mara mwili unanisisimka."

Mpango wake ni kutafuta chumba atakachokitumia Jumamosi kuwafundisha wanaouguza ndugu zao majumbani, wajue kufunga na kurekebisha wenyewe, wasingoje fundi. Bado hajakipata. Ila wiki ijayo ana safari ya nyumba nyingine, kwa mama mmoja ambaye mikono yake yote miwili imelala, na hata kidole hakuna.

"Sijui bado nitafanyaje," anakiri. "Lakini mwanawe ameniambia mama anaweza kugeuza kichwa."

Anautundika mkoba begani.

"Kichwa kinatosha kuanzia."